Chenga Alizoziona Baba

Jioni, upepo ukishuka kutoka mlimani, mwanzi wa antena kwenye nyumba ya jirani hugusa ukingo wa bati na kulikwaruza. Krrr, kisha kimya, kisha krrr tena. Hakuna televisheni inayoutegemea siku hizi. Wenyewe wana dishi, na ule mwanzi umebaki pale kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuung'oa. Tangu nimalize chuo nimerudi hapa Mkula kusubiri kazi, na mtu anayesubiri kazi husikia kila kitu. Nikisikia mkwaruzo ule naacha ninachofanya. Naona kama kuna mtu ndani ya nyumba ataniita kwa sauti: "Prisca, zungusha!"

Sauti hiyo ilikuwa ya baba. Nitakusimulia habari yake bila kukuficha mwisho, maana mwisho wenyewe kila mtu hapa kijijini anaujua. Mwaka ule nilipokuwa darasa la tano, macho ya baba yangu yalikuwa yanazimika, nasi nyumba nzima tulikuwa tunahangaika na antena.

Baba alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda na milango ya mitiki katika kibanda cha nyasi kando ya barabara iendayo Ifakara, na harufu ya vumbi la mbao na gundi ilimfuata hata kanisani siku ya Jumapili. Alikuwa na msemo wake: ukikosea msumari utang'oa, ukikosea msumeno utalia. Televisheni yetu, ile ya zamani yenye chogo kubwa, aliipata kwa kubadilishana na kabati. Ving'amuzi vilikuwa havijaenea kwetu. Ulisimamisha antena nje, ukaielekeza, ukapokea Mungu alichokujalia. Tulianza na antena ya kubuni, mfuniko wa sufuria uliofungwa waya na kuchomekwa juu ya fito. Ilionyesha kidogo, ila kila mama alipotaka kupika wali ilibidi taarifa ya habari ikatike.

"Baba Prisca," alisema mama siku moja, mikono kiunoni, "huyo waziri akimaliza kuhutubia uniambie, nifunike chungu changu."

Baba alicheka, lakini Jumamosi iliyofuata alinichukua tukaenda Ifakara kununua antena ya kweli.

Duka lilikuwa karibu na soko, na muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Alimwamkia baba shikamoo kwa kuinama kabisa, kisha akaanza kushusha antena kutoka kwenye misumari ukutani.

"Nataka inayovuka mlima," alisema baba. "Sisi tuko Mkula, mlima umetukalia kichwani."

"Mzee wangu, hii hapa haiujui mlima. Ukiisimamisha vizuri utamwona mtangazaji mpaka jasho lake."

"Jasho la nini? Mimi nataka sura."

Kulikuwa na za ndani zenye mikono miwili, ambazo baba hakuzigusa. Kulikuwa na pana kama wavu wa kuku. Na kulikuwa na ile ndefu yenye vijiti vilivyopungua urefu kuelekea mbele, kama mgongo wa samaki aliyeliwa. Baba aliichagua hiyo kwa namna ambayo angechagua randa. Alikigonga kila kijiti kwa ukucha na kusikiliza. Aliibeba karibu kabisa na uso, ncha ya pua yake ikikaribia kugusa bati lake laini, akakagua maungio moja baada ya jingine. Nilisimama pembeni nikijivuna. Nilidhani hivyo ndivyo mafundi wanavyotazama vitu.

Kwenye gari la kurudi aliipakata kama mtoto. Mama mmoja mwenye kapu la dagaa aliitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Baba, samaki huyo mlimla wenyewe mkabakiza miiba, hata jirani hamkumwonjesha?" Gari zima likacheka. Baba akamjibu kwamba nyama iko ndani ya televisheni, aje jioni aone.

Kusimamisha antena baba hakutaka msaada wa fundi. Alikata mwanzi mrefu kule mtoni, akaupaka shina lake oili chafu kwa ajili ya mchwa, akachimba shimo kando ya ukuta wa chumba cha mbele. Hakuupigilia misumari kwenye kenchi za paa. Aliufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, uwe imara na bado uweze kuzungushwa. Nakumbuka alivyonionyesha kuukumbatia mwanzi, miguu nimeitanua, shavu langu kwenye magamba yake ya baridi. "Usiulazimishe," aliniambia. "Uzungushe kama unamgeuza mtu aliyelala."

Kisha kila mtu akashika nafasi yake. Mimi nje kwenye mwanzi. Mdogo wangu Gasto, ambaye alikuwa hajaanza hata shule, mlangoni kupeleka maneno. Baba ndani, kwenye kiti chake.

"Bado!"

"Baba anasema bado!"

"Rudisha kidogo! Umepitiliza!"

"Baba anasema umepitiliza, na uache uvivu!"

"Gasto! Mimi nimesema uvivu?"

Nilikuwa nimezunguka na mwanzi ule mpaka mikono ikawasha, ndipo Gasto alipopiga ukelele usio wa amri ya mtu. "Dada! Watu! Watu wanaonekana!" Nikaacha mwanzi nikakimbilia ndani. Ilikuwa kweli. Palikuwa na mwanamke anasoma habari, na nywele zake zilikuwa zimesukwa, na misuko yake ungeweza kuifuata kwa kidole. Mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Jirani yetu Mzee Makwega, mstaafu wa shamba la miwa aliyekuwa haachi kuja saa ya habari, alipiga makofi na kusema, "Seremala, umeuhamisha mlima."

Baba alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini. Alikunja uso.

"Hapana," alisema. "Bado kuna chenga."

Tukatazama kioo, sote kwa pamoja. Hapakuwa na chenga. Picha ilikuwa safi kama maji ya mtungini.

Hapa naomba unielewe, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitokana na pale. Kwetu mtu habishiwi ndani ya nyumba yake kuhusu kitu alichokinunua kwa jasho lake. Mgeni akiambiwa na mwenye nyumba kwamba chai haina sukari, husema kweli kidogo imepungua, hata kama midomo yake inanata. Na mtoto ndiyo kabisa. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo kwa maneno. Tulilikuta, kama tulivyoukuta mlima.

Mzee Makwega ndiye aliyejibu kwanza. "Kweli, Seremala," alisema kwa upole. "Kwa mbali zipo. Mawimbi ya mlimani haya, yana kiburi."

"Zipo," alisema mama.

"Mimi sizioni," alisema Gasto.

Mama alimfinya sikio. "Baba yako akisema zipo, zipo."

Basi zikawepo. Na jambo la ajabu, ambalo nimelifikiria mno kuliko linavyostahili labda, ni kwamba baada ya siku chache nilianza kuziona. Nikikaza macho na kumkaribia mtangazaji, niliona vidoa vidogo vikitetemeka kwenye shati lake, nikamwambia baba, "Ndiyo, baba, pale begani," naye akafurahi kwamba bintiye ana jicho la fundi.

Ikawa kazi ya kila jioni. Baba alinunua busta, kile kiboksi cha kuongezea mawimbi nguvu. Chenga hazikuisha. Akaleta mwanzi mrefu zaidi, tukaung'oa wa kwanza, na kwa siku nzima nyumba ilikuwa na tundu kama jino lililong'oka. Chenga hazikuisha. Akauhamishia mwanzi upande wa pili wa nyumba. Kisha akasema tatizo ni mfenesi. Mfenesi ule ulikuwa wa mama. Aliupanda alipoolewa, na ulituzalia mafenesi ambayo harufu yake ilifika barabarani. Mama aliuangalia, akamwangalia baba, akasema tu, "Basi unisubiri nichume yaliyokomaa." Jioni mfenesi ulikuwa chini, utomvu wake mweupe ukitiririka kwenye kisiki, na baba alikuwa kwenye kiti chake akisema, "Zungusha, Prisca. Sasa hakuna kizuizi."

Hata yule kijana wa dukani alikuja siku moja, akaitazama picha iliyokuwa inang'aa mbele yake, akamtazama baba, akakuna kichwa. "Mzee, zipo kidogo," alisema. "Hii ni hali ya hewa."

Mambo mengine yalikuwa yakitokea pembeni, lakini hatukuyafunga kwenye fungu moja. Baba alikunywa maji mengi sana. Ndoo ya kunywa niliyoijaza asubuhi ilikutwa mchana ikiwa tupu, na usiku nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na kufungwa. Alikonda. Alisema tarakimu za futi yake zimefutika, akanunua futi mpya, akasema wenye viwanda siku hizi wanabana wino. Vidole vyake vya mkono wa kushoto, vile vinavyoshika msumari, vilikuwa na damu iliyovilia chini ya kucha. Mara moja alikata mlango wa mteja ukawa mfupi kuliko fremu yake. Alikaa juu ya lundo la maranda, mlango ukiwa magotini. Nikasubiri alie, kwa kuwa msemo ulisema hivyo. Hakulia. Alisema taa ya kibandani ni hafifu.

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini baba hakuficha. Alisema kila jioni, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba haoni vizuri. Ila alikuwa anaisema televisheni, nasi tulikuwa tunaitikia.

Siku ninayotaka kukusimulia, mama alikuwa bondeni kwenye mpunga. Ulikuwa msimu wa kuamia ndege, na yeye na wanawake wengine walilala hukohuko kwenye vibanda vya shambani, wakipiga makopo alfajiri kuwafukuza kwelea. Nyumbani tulikuwa watatu. Mzee Makwega alikuwa hajafika. Mwanga wa jioni ulikuwa bado upo, na mbu walikuwa wameanza.

Nilitoka nikaenda kwenye mwanzi kama kawaida, lakini siafu walikuwa wameuzunguka shina. Nikasimama mbali kidogo, nikitafuta kijiti cha kuwatawanya. Ndani niliisikia televisheni, na chini yake sauti ya baba akiongea na Gasto taratibu, si sauti ya amri. Sikushika maneno. Kisha pakawa kimya kirefu. Nilidhani wananisubiri mimi, nikaharakisha kuwafagia siafu.

"Prisca!" baba aliita.

"Naam, baba!"

"Zungusha!"

Nikapiga hatua kuuendea mwanzi. Mikono yangu ilikuwa bado haijaugusa.

"Hapo!" alisema baba. "Hapo hapo! Uache hivyo hivyo. Sasa safi."

Nilisimama mikono ikiwa hewani. Nikataka kusema kwamba sijazungusha. Lakini Gasto alikuwa ameshatoka mbio, akiruka, akiimba kwamba chenga zimekwisha, na ndani baba alikuwa anacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka siku nyingi. Nikajiambia labda upepo umeusogeza. Niliingia ndani. Baba alininyooshea mkono, akanivuta, akanikalisha kwenye mkono wa kiti chake. "Fundi wangu," aliniita. Mwanamke yule wa misuko alikuwa anasoma habari, safi kabisa, kama alivyokuwa safi tangu siku ya kwanza.

Mama aliporudi kutoka bondeni tulimpokea njiani na habari hiyo kabla hata ya kumpokea mzigo. Alikaa chini akasema, "Mungu mkubwa. Na mfenesi wangu haukufa bure." Nadhani ilikuwa wiki yenye furaha kuliko zote za utoto wangu.

Mpunga ulivunwa. Ilikuwa baada ya mavuno ndipo mama alipomwona baba akimimina chai pembeni ya kikombe, taratibu na kwa uangalifu, mpaka ikafika ukingoni mwa meza na kumwagikia miguuni mwake. Alikuwa anatazama mbele. Mama hakupiga kelele. Alichukua kitambaa akafuta, na asubuhi tukaenda hospitali. Nilikwenda nao kwa sababu mtu mmoja alitakiwa kubeba mkoba na mwingine kumshika baba mkono. Mimi nilimshika mkono.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole. Alisema ni sukari, imekaa mwilini muda mrefu bila kujulikana, imeharibu mishipa ya macho kwa ndani. Dawa ya sukari ipo, alisema, ila macho yakifikia hapo hayarudishwi. Yanapowahiwa mwanzoni ndipo huweza kuokolewa. Kisha akachukua kalamu akauliza, "Alianza lini kuona vitu kama ukungu, au vidoa vinavyoelea?"

Mama alifungua mdomo. Nilimwona akihesabu kichwani, akirudi nyuma, msimu wa ndege, mfenesi, mwanzi wa pili, busta. Uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayesogeza taa na kuona kilichomo chumbani.

"Tangu tuliponunua antena," alisema.

Daktari hakuelewa. 

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alifundisha vijana useremala kwa kugusa. Aliweza kukuambia ubao umepinda wapi kwa kupitisha kiganja tu. Alihudhuria mahafali yangu ya kidato cha nne, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alifariki nikiwa chuoni. Nilikuta tayari amelazwa sebuleni, na televisheni imegeuzwa uso ukutani, kama ifanywavyo kwetu penye msiba.

Katika siku zile za matanga, watu wakiwa wamelala kwenye mikeka, mimi na Gasto tulikaa nje kwenye kisiki cha mfenesi. Amekuwa mrefu kunishinda. Tukaanza kukumbuka vituko vya baba, na bila shaka tukafika kwenye antena. Nikamwambia siri yangu ndogo, kwamba jioni ile ya "hapo hapo" sikuwa nimeugusa mwanzi.

 Gasto akanisimulia alichokumbuka yeye. Kabla ya kuniita, baba alikuwa amemwuliza, "Gasto, mtangazaji amevaa nini leo?" Gasto akasema shati la bluu. Baba akasema, "Lina vifungo?" Gasto akasema vipo, vyeupe, na kimoja hakijafungwa. Baba akasema, "Wewe unakiona hicho kifungo?" Gasto akasema, "Nakiona, baba." Na kwa kuwa mama hakuwepo kumfinya sikio, akaongeza, "Chenga mimi sijaziona hata siku moja."

Baba akakaa. Gasto anakumbuka kwamba alinyoosha kiganja akakigusa kioo cha televisheni, akakipapasa kama anavyopapasa ubao. Kisha akarudi kwenye kiti, na akaniita.

Hivyo ndivyo kila mmoja wetu alivyokuwa amebeba nusu yake miaka yote bila kujua kwamba ni nusu.

Tangu usiku ule nimegeuza jambo hili kila upande, na sijui nilisimamishe wapi. Labda aliogopa, kwani seremala asiyeona ni nani? Labda alitaka kuyavusha mavuno kwanza, mama asirudishwe kutoka shambani mpunga ukiwa mdomoni mwa ndege. Labda aliona aibu kwa ajili yetu, kwa jinsi tulivyohangaika na mfenesi tukaukata, akaona afadhali mateso ya antena yaishe kwa heri. Sisi tulimheshimu kwa kumkubalia miezi mizima kitu ambacho hakikuwepo. Yeye akatuheshimu vivyo hivyo. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba kuanzia jioni ile hakulalamika tena. Alikaa kwenye kiti chake kila siku, uso ameuelekeza kwenye kioo, na Mzee Makwega alipouliza hali ya mawimbi alijibu kwamba leo picha ni nzuri sana.

Na vilipokuja vichekesho alicheka pamoja nasi. Ila kicheko chake kilikuja nyuma kidogo, kama mtu anayefika kwenye shughuli wenzake wameshaketi. Gasto alikuwa anamtania, "Baba, wewe unachelewa!" naye anasema, "Nimezeeka, mwanangu." Nilimwamini. Nilidhani baba amekuwa mzito wa kuelewa mzaha, kumbe alikuwa anatusubiri sisi tuone kwanza.